Nguzo Zilizotoka Safi

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba nyumba inaweza kung'oka kama muhogo alikuwa Editha, na nilimcheka usoni. Mafundi wote niliowahi kuwapikia wana swali moja tu: kitu hiki kitazama au hakitazami? Editha haulizi hivyo. Yeye hukizunguka kitu, akakitazama kuanzia chini, kisha huuliza, "Hiki kinashikwa na nini kisiondoke?" Aliuliza hivyo hata kuhusu banda langu la kupikia, siku ya kwanza alipofika, kabla hajaagiza chakula. Nilimjibu kwamba linashikwa na Mungu pamoja na misumari ya inchi nne. Akasema misumari haifiki ardhini. Nikamuuliza kama amekuja kula au kukagua.

Mimi ni Joyce, ila ukiuliza kwa jina hilo hakuna atakayekuonyesha, uliza Mama Brayan. Nimewapikia wakata miwa wa Ruhembe, nimewapikia madereva wa malori pale Mikumi, na wakati huo nilikuwa nawapikia watu wa mradi wa maji kijijini kwetu. Mtu nampima kwa anavyokula. Wale wanaokula huku wanaongea na simu siwaamini hata na kijiko. Editha alikula kimya, akamaliza, akanawa, ndipo akafungua mdomo. Nikajua huyu tutaelewana, hata kama amelitukana banda langu.

Amezaliwa Mamboya, kule milimani, ambako upepo ukishuka haupigi hodi. Baba yake, Melkizedek, alikuwa seremala. Editha akiwa bado mdogo, shule ya msingi, upepo ulibeba paa la jiko lao pamoja na nguzo zake. Nguzo hazikuvunjika, zilitoka ardhini nzima nzima, na mama yake aliyekuwa amebandika maji ya ugali akamwagikiwa mkononi. Kovu lipo hadi leo. Watu walikuja kutoa pole na kuulaumu upepo, lakini Editha alikwenda kuchungulia mashimo. Aliniambia kwamba siku ile hakulia, alikasirika, na aliikasirikia ardhi kwa kuachia.

Baba yake alizichimbia tena nguzo zile zile, safari hii akitaka zipakwe oili chafu ili mchwa wasizile. Kazi ya kupaka akapewa Editha, na kitambaa. Gauni lake la shule likaharibika kabisa, akachapwa na mama yake kwa mkono ule uliokuwa mzima. Hiyo hadithi hupenda kuirudia, na kila akiirudia hucheka mpaka anakohoa.

Alipofika chuo cha ufundi akakuta kuna watu wanaosomea udongo, alijiona amefika kwao. Amefanya kazi kwenye barabara, amefanya kwenye minara ya simu, na sasa ana ofisi yake ndogo Kilosa mjini, yenye kibao mlangoni na pikapu iliyochoka. Wengine wakiwa na kibao na pikapu huanza kutembea kwa kuyumba mabega. Yeye bado hutembea akitazama chini.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Kijiji chetu kiko pale mashamba ya miwa yanapoishia na mbuga inapoanza. Kisima kirefu kilishachimbwa na maji yalikuwepo, tatizo yalikuwa chini na sisi tuko juu. Zikaja paneli za sola za kuendesha pampu, zikapangwa ziwe safu mbili. Safu ya kwanza ingesukuma maji hadi kijijini kwetu. Safu ya pili ingeyapandisha hadi kitongoji cha wafugaji, kilicho juu mwinukoni, ambako maji ya bomba hayajawahi kufika.

Paneli ni pana na nyepesi, na upepo wa mbugani ukiingia chini yake unaibeba kama turubai. Kwa hiyo hukaa juu ya nguzo za chuma zilizozamishwa ardhini, na kazi kubwa ya nguzo hizo si kubeba uzito, ni kukataa kung'oka. Vyuma vilikuwa vimeshaletwa na havikuwa na nyongeza. Nguzo zikizama kupita kimo cha mtu mrefu na zikashika, vyuma vinatosha safu zote mbili. Zisiposhika, ingebidi kila nguzo iungwe na nyingine ili iende chini zaidi, na hapo vingetosha safu moja tu, ya kwetu. Wafugaji wangebaki juu wanatazama sola zikimeta huku punda wao wakishuka mtoni kama zamani.

Kazi ya Editha ilikuwa kusema kama nguzo zitashika, kisha kuthibitisha.

Nilimwona akifanya. Alichimba, akajaza udongo kwenye mirija, akasokomeza ardhini chuma chembamba chenye mapanga manne, akawa anakizungusha taratibu na kusoma udongo unabisha kiasi gani kabla haujakatika. Nilipomuuliza anatafuta nini alikuja jikoni, akashika mwiko wangu uliosimama kwenye ugali, akauvuta juu polepole.

"Unaona, Mama Brayan? Haushikwi chini, unashikwa ubavuni. Nikijua mwiko una ubavu kiasi gani, na ugali unanata kiasi gani, najua nguvu ya kuuchomoa kabla sijauchomoa."

Nikamwambia arudishe mwiko, watu wana njaa.

Udongo wetu ni mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama kwenye ufa. Masika unanata kwenye kandambili mpaka unazivua na kuzibeba mkononi. Editha alisema kiangazi hudanganya, kwa sababu ardhi kavu hubana kila kitu na mtu akafurahi bure. Yeye alitaka kujua nguvu ya siku mbaya, siku ya mvua na upepo. Akachagua nguzo tatu za majaribio, akaagiza zichimbiwe vifereji kuzunguka, na maji yamwagwe humo kutwa, siku baada ya siku, mpaka ardhi ishibe.

Maji hayo yaliletwa na Naeku. Huyu ni mama wa kitongoji cha juu, mjumbe wa kamati ya maji, mwenye punda wawili na ulimi usiozunguka. Safari nne kwa siku alishuka mtoni kwa ajili ya nyumba yake na ya mama mkwe wake, na sasa akaongeza za mradi. Siku moja alishusha dumu, hakulimimina, akasimama.

"Dada, mimi nimetoka mtoni," alisema. "Watoto wangu wanaoga mara moja kwa wiki. Wewe unanywesha chuma."

Vibarua wakacheka. Editha hakucheka. Alikwenda akasimama naye pale kwenye kifereji.

"Nikiinywesha ardhi sasa, mama, mvua haitanishtukiza baadaye. Nguzo hizi zikishika zikiwa zimelowa, maji yatafika kwako."

"Unasema yatafika?"

"Nasema yatafika."

"Wengi wamekuja na magari wakasema."

"Mimi naandika," Editha akamwambia. Akatoa chaki mfukoni, akaandika kwenye nguzo, mahali pa kila mtu kuona: tani mbili na robo. Ndiyo nguvu aliyokadiria ya kuing'oa. Kisha akamweleza Naeku kwamba yeye Editha akingoja aone ndipo aseme, atakuwa hajasema kitu.

Hiyo ndiyo tabia yake, na hakuiacha kazini tu. Aliwahi kuandika kwenye mfuniko wa sufuria langu wali utaiva baada ya muda gani. Kwenye wali alikosea vibaya, maana kuni zangu zilikuwa mbichi na yeye kuni hakuzipima. Nilimwonyesha ile chaki mpaka siku ya tatu.

Siku ya kuvuta nguzo, kijiji kizima kilihamia mbugani. Simoni, mhandisi wa wafadhili, alitoka Morogoro. Ni mtu mpole, mwenye kofia safi, na chakula changu alikisifu, kwa hiyo sina ugomvi naye. Waliweka chuma cha miguu mitatu juu ya nguzo, wakafunga jeki na kipimo chenye mshale. Sharti lilikuwa nguzo ivutwe hadi tani moja na nusu isisogee. Ikivuka hapo, imepita.

Aliyekuwa kwenye jeki ni Ashrafu, msimamizi wa vibarua, mtu mzima mwenye mvi, aliyefanya gereji ya malori Mikumi barabarani miaka mingi kabla ya kuingia kwenye ujenzi. Ashrafu anapenda kazi kama wengine wanavyopenda mpira. Chuma kikikwaruzwa huona kama amekwaruzwa yeye. Alianza kupampu, mshale ukapanda. Ulipita nusu tani. Haujafika tani moja, nguzo ikateleza juu taratibu, bila hata kelele, kama mtu anayeondoka msibani bila kuaga.

Wakavuta ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo.

"Kumbe injinia aliandika namba ya simu!" kijana mmoja akapayuka, na watu wakaangua kicheko. Nilitamani kumrushia mwiko. Naeku hakucheka. Aliitazama ile namba ya chaki, akamtazama Editha, kisha akakaza kamba ya madumu na kuwaswaga punda wake kuelekea mtoni. Nilimwona Editha akimsindikiza kwa macho, na roho iliniuma.

Simoni alimsogelea. "Pole sana, Editha. Tuunge nguzo, tufanye safu moja. Ya pili itasubiri bajeti nyingine."

Kusubiri bajeti nyingine, kwa sisi tunaojua, ni kuambiwa hapana kwa heshima.

"Nipe muda nizitazame kwanza," Editha akasema.

"Tazama. Lakini mimi naamini kipimo."

"Hata mimi naamini kipimo, mhandisi. Kimepima kitu, nami nataka kujua kimepima nini."

Akaagiza nguzo ya kwanza ichomolewe yote, ilazwe kwenye majani. Ikalazwa. Hapo ndipo hata mimi nikaona kuna jambo, sema sikujua ni jambo gani. Ukichomoa mguu wako kwenye udongo wetu ukiwa umelowa, unatoka na nusu ya shamba. Nguzo hii ilikuwa imezikwa kwenye tope zaidi ya wiki na ilitoka safi, nyeusi, inang'aa.

Editha alichuchumaa. Alipitisha kidole ubavuni mwa nguzo kutoka mwanzo hadi mwisho, akakinusa. Akanusa tena. Baadaye aliniambia kwamba alichokisikia puani siku ile ni gauni lake la shule.

Alinyanyuka akamfuata Ashrafu, aliyekuwa anakusanya minyororo. Nilimfahamu vya kutosha kujua amekasirika, pua ilikuwa imemtanuka. Lakini asubuhi ile kwa haraka ya majaribio hakuwa amemsalimia, na mtoto wa Mamboya haanzi na mtu mzima kwa swali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nguzo hizi zilipakwa kitu?"

Uso wa Ashrafu ukachanua. Alikuwa amengoja muda mrefu mtu atambue. "Nilizipaka mimi! Oili chafu, nimeifuata mwenyewe Mikumi kwa vijana wangu wa gereji. Nimezipaka zote, hata zile zilizoko kwenye lundo. Nilijua mtakuja kunishukuru."

"Kwa ajili gani, mzee?"

"Mchwa, mama. Na kutu."

"Mchwa wanakula chuma?"

"Wa huku hawana adabu hao," akasema, na wala hakuwa anatania.

Msimcheke. Huku kwetu hakuna nguzo inayoingia ardhini bila oili chafu. Babu alipaka, baba akapaka, na mtu asiyepaka anaonekana hajalelewa. Siku ya kupaka, vibarua wote walimwona Ashrafu na kopo lake. Mabaki aliyamalizia kwenye nguzo za banda langu, nikampa chai na maandazi. Hakuna aliyemwambia Editha kwa sababu hakuna aliyeona kuna la kuambia, kama vile huwezi kumfuata mgeni kumjulisha kwamba mchele umeuosha. Na Editha siku hiyo alikuwa Kilosa na mirija yake ya udongo. Nguzo zenyewe zilitoka kiwandani na rangi nyeusi, basi aliporudi akazikuta zimesimama ardhini, zimeshikwa na vumbi kwa juu, na chini huko nani aone?

Editha alipumua kwa nguvu. Nilingoja amwage maneno, na kusema kweli ningemsaidia.

"Mzee," akasema, "nguzo inashikwa na udongo. Wewe umeupaka udongo mafuta mikononi."

Ashrafu alisimama na mnyororo wake. Aligeuka akatazama zile nguzo tatu, kisha akatazama njia aliyoshukia Naeku. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, na kanzu yake ya Ijumaa.

"Nimewanyima watu maji," akasema.

"Bado," Editha akamjibu. "Nguzo zipo na sabuni ipo. Inuka, mzee."

Simoni alielezwa. Alipitisha kidole kwenye nguzo, akakinusa, akakubali kwamba kuna oili, akakataa kwamba oili ni jibu. Mimi simlaumu, hakuja kunusa. Alikuwa anapanda Kilosa kwenye mradi mwingine, akasema akirudi watavuta tena mara moja, na ikiteleza ni safu moja bila mjadala. Alipokuwa anapanda gari alimwambia Editha kwa sauti ya chini, kama kaka mtu, kwamba safari hii aandike namba ndogo ili ajilinde.

"Namba inatoka kwenye udongo," Editha akasema. "Na udongo haujabadilika."

Jioni ile Ashrafu hakula. Alipanda mwinukoni kwa miguu, peke yake, akaenda kumwambia Naeku kwa mdomo wake kilichotokea. Angeweza kumtuma mtu. Sijui walisema nini huko, ninachojua ni kwamba asubuhi Naeku alishuka na wanawake wenzake, kila mmoja na kitenge kimefungwa kiunoni na chombo cha majivu. Wao vibuyu vyao vya maziwa huvisafisha kwa moto na majivu, na ukitaka kuona mtu anayejua kuondoa mafuta kwenye kitu, ndio hao. Wanawake wa kwetu wakatoka na sabuni ya unga na mchanga. Kwa miaka mingi sisi na wao tumekutana kwenye mikutano ya kugombania mipaka ya mashamba, mara ng'ombe wameingia, mara njia imefungwa. Siku hiyo tulikaa kwenye lundo moja la vyuma tukisugua, na mama mmoja wa juu akanifundisha kusugua kwa kuzungusha badala ya kwenda na kurudi. Alisema kweli, oili inatoka haraka.

Editha alipita kwa kila nguzo na kikombe cha maji. Alidondosha tone: likijikunja likakimbia, nguzo inarudishwa kusuguliwa, likitandaa likakaa, imepita. Hakumwonea mtu aibu. Nguzo yangu aliirudisha mara mbili, na nilimwambia usiku asije kuomba chai. Ashrafu alisugua mpaka vidole vyake vikaota mikunjo kama vya mtu aliyekaa mtoni siku nzima. Na maji ya kusuuzia, yote, aliyaleta Naeku.

Nguzo tatu mpya zikazamishwa pembeni ya mashimo ya zamani, vifereji vikachimbwa, ardhi ikanyweshwa upya. Editha alitaka zisiguswe, kwa sababu udongo ukivurugwa unahitaji muda ndipo ushike. Alikuwa anaamka, anakunywa chai, anakwenda kuzitazama tu kisha anarudi. Nilimuuliza kama anaogopa.

"Kuhusu nguzo, hapana," akasema. "Naogopa Naeku hatakuja."

Siku Simoni aliporudi, watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Wengine, najua, walifuata kicheko. Editha alichukua chaki, akaandika kwenye nguzo namba ile ile, tani mbili na robo, kwa tarakimu kubwa kuliko za mwanzo. Nikasikia mtu nyuma yangu akiguna. Naeku alikuja. Alisimama mbele kabisa na punda wake, madumu yamefungwa, tayari kwa safari.

Ashrafu akashika jeki. Akaiachia, akafuta mikono kwenye suruali, akaishika tena.

"Vuta, mzee," Editha akamwambia.

Akavuta. Simoni alisoma kwa sauti. Nusu. Robo tatu. Hapo ndipo ile ya kwanza ilipoteleza. Tani moja. Moja na robo. Moja na nusu, na nguzo imesimama vile vile kama imezaliwa hapo.

"Imepita," Simoni akasema, akavua kofia. "Inatosha, tunaweza kuacha."

"Endelea, mzee," akasema Editha.

Kupita tu hakukumtosha, alitaka kujua. Mbili. Mbili na robo, nguzo kimya. Kisha ardhi ikatoa mlio mdogo, nyufa nyembamba zikajichora kuzunguka chuma, na nguzo ikaanza kusogea, mshale ukiwa unakaribia mbili na nusu. Watu wakalipuka kwa vigelegele. Yule kijana wa namba ya simu alikuwa anapiga makofi kuliko wote, wasio na haya ndivyo walivyo. Editha peke yake alikuwa amekunja uso.

"Nimeipunja," akasema. "Nilitakiwa niseme zaidi."

Wakaichomoa yote. Ilitoka imevaa udongo, mweusi, mzito, kuanzia chini hadi juu, ilibidi watu wanne waibebe. Ashrafu aliweka kiganja kwenye ule udongo, akakiacha hapo. Nami nililia, sioni sababu ya kuficha. Nguzo mbili zilizobaki zilishika vile vile, na Simoni akasaini safu mbili.

Masika yakaingia paneli zikiwa juu, bado mafundi wanamalizia mabomba. Alasiri moja ukaja upepo wa kweli, ule wa kulaza miwa. Paneli hazikutikisika. Banda langu ndilo lililoondoka, na nguzo zake nne, likaenda kukaa kwenye miwa ya watu. Nguzo zilitoka safi kabisa. Editha alikuja akachungulia mashimo, akanitazama, na kabla hajauliza nikamwambia nyamaza. Ashrafu alinijengea lingine, refu kwenda chini, na hakuja na kopo.

Siku ya kufungua bomba la juu tulipanda wote. Bomba lenyewe limefungwa kwenye nguzo fupi ya chuma katikati ya kitongoji, lina kifuniko kipya cha bluu. Kamati ikasema Editha afungue. Akakataa, akasema afungue Naeku. Naeku aliponyoosha mkono, Editha akamzuia, akampa chaki.

"Andika kwanza."

"Niandike nini?"

"Unachokiamini. Kabla ya kufungua."

Naeku aliizungusha ile chaki vidoleni. Shule hakukaa sana, lakini hakuomba msaada. Aliinama akachora duara kwenye nguzo ya bomba, moja, akahakikisha limekutana.

"Hiyo ni nini, mama?" Ashrafu akauliza. "Sifuri?"

"Safari zangu za kesho za mtoni," Naeku akasema, akafungua.

Bomba lilikohoa, likatema upepo, likatema matope kidogo, kisha maji yakaja. Wanawake walipiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Editha alijifuta macho kwa mkono wenye chaki, akabaki na mstari mweupe shavuni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtania, hata mimi.

Kesho yake niliamka mapema kuliko kawaida yangu. Nilisema nakwenda kuokota kuni, lakini sikuokota kuni. Nilikwenda kusimama kwenye njia ya mtoni, pale inapokata barabara ya miwa, ambapo kila asubuhi matope huwa yamekanyagwa na kwato. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa laini. Nilisubiri mpaka jua likawa juu na chai ya watu ikachelewa. Hapakuwa na unyayo wa punda hata mmoja.